Nimeumia: namna ya kumweleza daktari jeraha lako kwa Kiingereza

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili kwenye kliniki na hospitali hapa Marekani. Wengi ninaowahudumia wametoka Kivu Kusini, wengine Tanzania na Kenya, na wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, maghala na hoteli, kazi zinazoumiza mgongo, mikono na miguu. Maswali haya ndiyo wanayoniuliza tukiwa tumekaa kwenye viti vya kungojea daktari.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nianze kwa kukariri majina ya majeraha?

Hapana. Jina la jeraha ni kazi ya daktari. Kazi yako ni kusimulia kilichotokea na kusema ni kitu gani sasa huwezi kukifanya. Angalia neno letu "kuteguka". Mtu aliyepinda kifundo cha mguu tunasema ameteguka, na aliyechomoka bega vilevile tunasema ameteguka. Kwa Kiingereza hayo ni mambo mawili, "sprain" na "dislocation", na tiba zake hazifanani. Ukichagua moja kwa kubahatisha, unamwelekeza daktari kusiko. Sema hivi: "I slipped on the stairs. My foot turned in. I heard a crack. Now I cannot stand on it." Yaani niliteleza kwenye ngazi, mguu ukapinda kwa ndani, nikasikia mlio, sasa siwezi kuukanyagia. Ni maneno mepesi, lakini yana karibu kila anachohitaji kwa kuanzia.

Utaulizwa pia: "Could you walk on it right after?" Yaani, uliweza kuukanyagia mara tu baada ya kuumia? Jibu kwa ukweli kabisa. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitunga mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni za kuamua nani apigwe eksirei ya kifundo cha mguu, na moja ya mambo yanayotazamwa ni kama mtu anaweza kwenda hatua nne. Sisi tumelelewa kujikaza. Mtu ameshikilia ukuta, jasho linamtoka, akiulizwa anasema "yes, I walked". Amejikosesha picha. Sema "two steps only, holding the wall".

Mguu ni "leg" au "foot"?

Hapa ndipo wengi wanapotea, na si kosa lao. Mguu wetu unaanzia kwenye paja unaishia kwenye vidole. Waingereza wameukata: kuanzia nyonga hadi kifundo ni "leg", kuanzia kifundo kwenda chini ni "foot". Mkono ni hivyohivyo: "arm" hadi kifundo, kisha "hand". Na kidole cha mguu si "finger", ni "toe". Nilimhudumia mzee mmoja aliyeangukiwa na kreti kazini. Alipiga simu kliniki akasema "my leg", akaambiwa aweke barafu kwenye muundi na apumzike. Aliumia juu ya unyayo, upande wa kidole kidogo, na mfupa ulikuwa umevunjika. Tuligundua siku ya nne alipovua soksi mbele yetu.

Kwa hiyo vua kiatu, pandisha suruali, onyesha kwa kidole kimoja, na useme "here". Kwenye simu huna kidole cha kuonyeshea, basi jifunze angalau haya: kifundo cha mguu "ankle", kifundo cha mkono "wrist", kiwiko "elbow", goti "knee", nyonga "hip", mbavu "ribs", kisogo "the back of my head". Kiuno kinachouma kwa kubeba mizigo ni "lower back". Ukisema "waist" wanafikiria mahali pa kufunga mkanda.

Nikisema mishipa inaniuma, wanaelewa?

Mara nyingi hawaelewi. Mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na kuna wanaoita hata ngiri mshipa. Mkalimani asiye makini atasema "veins", na daktari ataanza kutafuta tatizo la damu. Acha mshipa, eleza njia ya maumivu: "The pain starts in my lower back and shoots down to my foot." Hapo daktari atafikiria neva bila wewe kuitaja.

Neno "inachoma" nalo lina mitego. Kisu kinachoma na moto unachoma. Kama ni kama kisu, sema "stabbing". Kama ni kama moto au pilipili, sema "burning". Maumivu yanayopwita kama jipu ni "throbbing". Ganzi ni "numb", na hiyo b ya mwisho haitamkwi, sema "nam". Ganzi usiiache hata kama haikuumi. Ukiwa umefungwa plasta ngumu na vidole vikafa ganzi au vikapoa, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, rudi hospitali saa hiyohiyo, usisubiri siku uliyopangiwa: "The pain is getting worse. My fingers are cold and numb."

Kwa nini walinikazia macho nilipotaja saa?

Pengine kwa sababu ya saa zetu. Mama mmoja wa Kitanzania alileta mtoto wa miaka mitatu aliyeanguka kutoka kitandani, na uvimbe kama ndimu juu ya jicho. Walifika saa nne usiku. Alipoulizwa ajali ilitokea lini akajibu "two, night", akimaanisha saa mbili usiku. Muuguzi aliandika saa nane ya usiku uliopita. Kwenye karatasi, basi, mtoto aliyegonga kichwa alikuwa amekaa nyumbani saa 20 bila kuletwa. Maswali yakageuka: mtoto alikuwa macho kwa nini, alikuwa na nani, mbona umechelewa? Nilipounganishwa kwa simu nilimkuta yule mama analia, hajui kosa lake ni nini. Ilichukua dakika mbili kunyoosha, lakini nikiwaza kama mkalimani asingepatikana, moyo unaniuma mpaka leo.

Njia salama ni kuachana na saa ya ukutani na kuhesabu kurudi nyuma: "two hours ago", "yesterday morning", "three days ago".

Wananiuliza maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Nijibuje?

Sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Wazee wetu wanasema tatu kwa heshima, vijana wanasema kumi ili wahudumiwe haraka. Vyote viwili vinamnyima daktari habari. Namba peke yake haina nguvu, ishikishe na jambo: "Seven. I cannot sleep." "Five. I cannot lift my child." Na kama yanabadilika, sema: "It was four this morning, now it is eight."

Ngozi yangu nyeusi haionyeshi wekundu. Na nina alama za chuku mgongoni.

Vyote viwili viseme bila kungoja kuulizwa. Wekundu wanaoutafuta mara nyingi kwenye ngozi yetu huonekana kama weusi zaidi, zambarau, au hauonekani kabisa. Sema "this area is darker than usual, it is warm and hard". Mwambie aiguse na ailinganishe na upande wa pili.

Alama za chuku, chale au majani yaliyobandikwa zinaweza kumfanya mgeni adhani umepigwa, hasa zikiwa kwa mtoto. Eleza: "This is from traditional cupping. Nobody hit me." Na kama uliweka majivu, dawa ya meno au mafuta kwenye kidonda, taja. Hakuna wa kukucheka, wanataka kujua cha kusafisha.

Nimekanyaga msumari. Kuna neno la pekee?

"I stepped on a nail. It went through my shoe." Hilo la kiatu ni muhimu, kwa sababu soli za mpira hubeba vijidudu vyake. Utaulizwa chanjo ya pepopunda, "tetanus shot". Kwa jeraha chafu, hapa Marekani watakuchoma tena kama imepita miaka 5 tangu ya mwisho. Akina mama, zile sindano za kliniki ya wajawazito zinahesabika: "I got it when I was pregnant, in 2019."

Binti yangu ana miaka 12 na anaongea Kiingereza kama maji. Kwa nini nisimtumie?

Kwa sababu hupaswi kumtwisha. Sheria ya afya ya mwaka 2010, kwenye kifungu cha 1557, inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zikupe mkalimani bila malipo, na kanuni zake haziruhusu mtoto kutumiwa ila kwenye dharura. Sema mapokezi: "I need a Swahili interpreter." Kama ni Kiswahili cha Kongo, ongeza "from Congo". Uingereza nako, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, haikutozi kwa mkalimani.

Mume au mke naye asikutafsirie, hasa kama aliyekuumiza yuko chumbani. Nimewasikia wanawake wakitafsiriwa "she fell" huku wenyewe wakitazama sakafu. Unaweza kusema "I want to talk alone". Mkalimani amefungwa na usiri kama daktari, hata kama mnasali kanisa moja au msikiti mmoja.

Nikipiga simu ya dharura nianze na nini?

911 Marekani, 999 Uingereza. Anza na anwani, kisha neno "Swahili", watakutafutia mkalimani kwenye simu. Ukiwa unangoja, toa haya kama yapo: "He hit his head." "He passed out", yaani alizimia. "He is vomiting." "He takes blood thinners", kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. "The bleeding won't stop." Kandamiza jeraha kwa nguvu na kitambaa safi, usifunuefunue kuchungulia, na usikate simu mpaka wakuambie.