Ziara ya darasa Makumbusho ya Majimaji, Songea: yanayosemwa na ukweli wake

"Ilikuwa vita ya Wangoni." Wanafunzi wengi hufika nayo hii, kwa kuwa makaburi ya mashujaa yako Songea, nchi ya Wangoni. Vita ya Majimaji, dhidi ya utawala wa Wajerumani, ilianza Julai 1905 mbali na hapo, Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Wangoni waliingia baadaye. Kipindi kimoja cha darasani kabla ya safari, ramani ya kusini ikiwa ubaoni, kinamwokolea mwongozaji nusu saa.

"Walishindwa kwa sababu waliamini maji." Maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminika kuzuia risasi, yaliwaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja, na hilo si jambo dogo. Waliovamia boma la Mahenge mwishoni mwa Agosti 1905 walifyekwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Kisha Wajerumani wakachoma vijiji, mashamba na maghala. Makadirio ya vifo hufika 300,000, wengi wao kwa njaa. Ghala lililoungua haliwekwi kwenye kabati la kioo, kwa hiyo mwalimu alitaje mwenyewe.

"Anzeni na silaha." Mikuki na ngao humaliza muda wote, makaburi yakafikiwa jua la utosi watoto wakiulizia chakula. Geuzeni mpango: asubuhi nendeni kwanza kwenye kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa Februari 27, 1906. Nduna (kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano ana kaburi lake peke yake. Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na Novemba 2023 Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Hapo ndipo maswali mazito huanza, msiwaharakishe. Hakuna kukalia kaburi kwa ajili ya picha.

"Darasa zima liingie pamoja." Watu 60 chumbani, wa nyuma huona visogo tu. Gawa makundi matatu ya 20: moja ndani, moja makaburini, moja likijaza maswali nje, kupokezana kila dakika 30. Maswali matano yanatosha. Yakiwa 15, wananakili vibandiko bila kutazama kitu chenyewe.

"Februari ndiyo mwezi wake." Kwa kumbukizi ya walionyongwa, ndiyo. Kwa somo, hapana: kuna umati, hotuba, ngoma na mvua za masika ya kusini. Julai hadi Septemba ni kukavu. Tuma barua kwa makumbusho wiki tatu kabla, ukitaja idadi, kidato na saa ya kufika. Na bebeni sweta, maana Songea ya Julai asubuhi ina baridi ambayo watoto wa pwani hawaitegemei.