Anna Murray Douglass: aliyeuza godoro lake mumewe awe huru

Habari ya Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri wa Marekani, husimuliwa kana kwamba alijikomboa peke yake: kijana mtumwa akavaa nguo za baharia, akapanda treni Baltimore tarehe 3 Septemba 1838, na asubuhi ya siku iliyofuata akawa New York. Lakini fedha za safari zilitoka wapi? Mchumba wake, Anna Murray, aliuza godoro lake moja la manyoya, akaongezea akiba ya miaka ya kufua nguo na kutunza nyumba za watu.

Wapo wanaodhani Anna naye alikuwa mtumwa, akaokolewa na ndoa. Sivyo hata kidogo. Wazazi wake waliachiwa huru muda mfupi kabla hajazaliwa, mnamo 1813 hivi, huko Maryland. Ndugu waliomtangulia walizaliwa utumwani. Yeye alizaliwa huru. Walipofunga ndoa New York tarehe 15 Septemba 1838, aliyekuwa mtoro ni bwana harusi. Bibi harusi alikuwa na gauni jipya la hariri la rangi ya zambarau, na alikuja na godoro, mito, shuka, sahani, visu, uma na vijiko vya kutosha vyumba viwili kule New Bedford, Massachusetts, walikohamia. Anayejua maana ya vyombo vya bibi harusi ataelewa ni nani aliyeanzisha nyumba ile.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: kwamba kwa kuwa hakujua kusoma, hakuwa na mchango. Baadhi ya wageni wa mumewe, wapinga utumwa wenyewe, walimdharau kwa ukimya wake. Mwaka 1845 Douglass alichapisha habari za maisha yake, na kwa kuogopa kukamatwa akaenda Ireland na Uingereza kwa karibu miaka miwili. Anna alibaki Lynn, Massachusetts, na watoto wadogo, akishona viatu kwa malipo. Juu ya kazi hiyo alijiunga na wanawake wenzake kuandaa vitu vya kuuzwa Boston kuchangia harakati. Baadaye, walipohamia Rochester, jimbo la New York, watoro waliokuwa njiani kwenda Kanada walifikia nyumbani kwake, wakapata chakula na mahali pa kulala. Hata mashati meupe ambayo Douglass alisimama nayo jukwaani yalifuliwa na kupigwa pasi kwa uangalizi wake. Mume akiwa safarini, Anna alimtumia mengine masafi.

Ukiuliza mke wa Douglass ni nani, wengi humtaja Helen Pitts, aliyemwoa mwaka 1884. Ndoa hiyo ilidumu miaka 11. Ya Anna ilikaribia miaka 44, hadi alipofariki Washington tarehe 4 Agosti 1882.

Katika vitabu vyake Douglass alimtaja kwa nadra sana. Mengi ya haya, hadi rangi ya lile gauni, tunayajua kwa sababu binti yao mkubwa, Rosetta, alisimama mbele ya watu mwaka 1900 akamsimulia mama yake.