Kwa nini daiquiri, kokteli ya vitu vitatu tu, ni ngumu kuipatia?

Ramu nyeupe, ndimu, sukari. Basi. Hata hivyo, wachanganyaji vinywaji wengi wakitaka kumpima mwenzao humwagiza daiquiri.

Jina limetoka Daiquirí, kijiji cha pwani karibu na Santiago de Cuba, penye migodi ya chuma. Hapo ndipo wanajeshi wa Marekani waliposhuka Juni 1898, katika vita vyao na Hispania. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Jennings Cox, mhandisi Mmarekani wa migodi hiyo. Mimi ningempa sifa ya jina tu. Tayari mwaka 1740, Admirali Edward Vernon wa Uingereza alikuwa ameamuru ramu ya mabaharia wake huko Karibiani izimuliwe kwa maji, na aliyetaka aongeze ndimu na sukari. Wapigania uhuru wa Kuba nao walikuwa na canchánchara yao, yenye asali badala ya sukari.

Kilichoipandisha chati daiquiri ni baa ya El Floridita mjini Havana, enzi za mchanganyaji vinywaji wake, Constantino Ribalaigua. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alikuwa mteja wake. Yake ilitiwa ramu maradufu, bila sukari. (Hiyo mwachie mwenyewe.)

Ugumu uko kwenye barafu. Ukitikisa kwa nguvu kwa sekunde kumi na kitu, barafu huyeyuka kiasi, na maji hayo ndiyo yanayolainisha makali ya ramu. Na kwa kuwa kilevi huchelewa kuganda, kinywaji kinaweza kushuka chini ya nyuzi 0 kikabaki majimaji. Ubaridi huo hupunguza utamu mdomoni, kwa hiyo mchanganyiko uliouonja ukiwa vuguvugu ukaona umekaa sawa, glasini utakuta umekuwa mchachu. Ndimu nazo hazilingani: moja kali, nyingine haina ukali. Ukitikisa kidogo, ramu inakuunguza koo. Ukizidisha, unakunywa maji ya ndimu. Hakuna maziwa wala soda ya kuficha kosa.

Ile ya stroberi inayosagwa kwenye blenda, tamu kama aiskrimu, haina shida hizo, na ndiyo maana haimpimi mtu.

Kwa kuanzia, chukua mililita 60 za ramu, 25 za ndimu iliyokamuliwa muda huohuo na 20 za shira. Chuja kwenye glasi iliyotoka kwenye friza, unywe kabla haijapoteza ule ubaridi wake.