Umekunywa? Meza dawa yako

Pombe haiui nguvu ya TLD, kidonge cha kila siku cha kufubaza VVU. Nimeanza na sentensi hii kwa sababu ndiyo inayobishaniwa kuliko zote kwenye dirisha langu la dawa, na wanaobisha si wateja peke yao. Wapo watoa huduma wenzangu ambao wangependa niimeze kimyakimya, wakihofia nitakuwa nimewapa watu ruhusa ya kulewa. Siwapi. Ninachotaka ni kidonge kisiachwe kwenye kopo.

Mimi ni mfamasia wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, huku Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wa miaka 15 na zaidi, asilimia 12.7 mkoani Njombe wanaishi na VVU, Iringa asilimia 11.1, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Huku huku ndiko kwenye ulanzi. Mvua zikikolea, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, utomvu ukakingwa. Ukinywewa ungali mbichi ni mtogwa, mtamu kama juisi. Ukiachwa ulale unakuwa mkangafu, na huo hauna utani. Bei yake haifiki hata karibu na ya bia, kwa hiyo msimu wake ukifika hata asiye na hela anakunywa. Ndio msimu ambao nahesabu vidonge vilivyobaki kwa macho mawili.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Kaka, kopo hili lilitakiwa liwe tupu."

"Wikiendi huwa situmii, dokta. Si mlisema nisichanganye?"

Hapo ndipo penye tatizo. Siku ya kwanza alipoanzishiwa dawa aliambiwa asichanganye pombe na ARV. Sisi tulimaanisha aache pombe. Yeye alisikia achague kimoja, na Ijumaa jioni akachagua. Huyu hakulewa akasahau. Ameacha dozi kwa makusudi, akiwa na akili zake timamu, tena anajiona mtiifu. Kule Marekani, mtafiti Seth Kalichman na wenzake wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi: anayeamini kuwa pombe na ARV vikikutana vinakuwa sumu huwa mwepesi kuruka dozi siku anayopanga kunywa. Ukimpa mtu kama huyo kengele ya kumkumbusha kwenye simu, umemsaidia nini? Anakumbuka vizuri sana.

Sasa tuingie ndani ya kidonge. TLD ina dawa tatu. Tenofovir na lamivudini hutolewa zaidi na figo, na dolutegravir huvunjwavunjwa kwenye ini kwa njia tofauti na ile inayotumika kuvunja pombe. Hazigombanii mlango mmoja. Abakaviri, ambayo baadhi ya watu wanaitumia, ndiyo inayogombania: pombe huongeza kiwango chake mwilini kwa kama asilimia 40, lakini hata hapo dozi haibadilishwi. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye kidonge cha kabla ya TLD, ilikuwa na kesi yake. Yenyewe ilileta kizunguzungu na ndoto za ajabu, na pombe juu yake ilizidisha ulegevu. Onyo la zamani lilikuwa na mashiko zaidi enzi zile.

Na efavirenzi imetuachia urithi mwingine ambao wengi hawauoni. Kwa sababu ya kile kizunguzungu tuliwaambia watu wameze wakienda kulala, wengi wakashika saa tatu usiku. Tangu 2019 tulipoanza kuwahamishia kwenye TLD, dawa ilibadilika, saa haikubadilika. Saa tatu usiku wa Jumamosi mtu yuko kilabuni, jagi linazunguka, kopo la dawa liko nyumbani chini ya godoro. TLD haina haja na usiku. Inamezwa saa yoyote, umekula au hujala, na kwa wale inaowakosesha usingizi asubuhi ndiyo nafuu zaidi. Kwa hiyo mtu akiniambia anakunywa, jambo langu la kwanza si mahubiri. Naanza na saa: meza cha leo usiku kama kawaida, kesho saa moja asubuhi anza utaratibu mpya. Wapo waliohangaika mwaka mzima na virusi vilivyogoma kushuka, na kilichohitajika ni hicho tu.

Ukipitiwa, meza mara unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki pungufu ya saa nne kufikia dozi inayofuata. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudia.

Kuna adui mmoja hasemwi. Mtu anaamka na mning'inio, tumbo linaungua, anapita duka la dawa ananunua vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu, anatafuna viwili na kumeza TLD hapo hapo. Madini hayo huikamata dolutegravir tumboni isinyonywe vizuri. Yaani mkangafu wa jana haukuigusa dawa, dawa ya kiungulia cha leo ndiyo imeigusa! Meza TLD kwanza, kaa saa mbili ndipo utafune hizo za kiungulia. Kama umeshazitafuna, subiri zipite saa sita.

Wengine huniambia, "Si hii dawa mpya ni ngumu, virusi haviizoei?" Ni ngumu kweli, lakini haijapewa kinga ya milele. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 ilionyesha usugu dhidi ya dolutegravir kati ya asilimia 3.9 na 8.6 ya wanaoitumia ambao virusi vyao havijashuka, katika tafiti zilizofanyika, na ukafika 19.6 kwa waliohamishiwa kwenye dawa hii wakiwa tayari na virusi vingi. Ijumaa hadi Jumapili bila dawa, wiki baada ya wiki, ndiyo njia ya kufika huko.

Kuhusu kiasi, maswali yetu ya fomu hayajatungwa kilabuni. Fomu inauliza "vinywaji vingapi", ilhali bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu karibu 20, ambazo kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni vinywaji viwili. Na ulanzi unaozunguka kwa kikombe kimoja utauhesabuje? Mimi huuliza, "Jana ulitumia shilingi ngapi, na mlikuwa wangapi?" Majibu huja bila aibu.

Pombe yenyewe inaumiza wapi, basi? Ini. Kama uko kwenye isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu, hapo sina mzaha: hiyo na pombe vyote hulishambulia ini. Kipindi chote cha dozi hiyo naomba uache kabisa. Ukishindwa, tuambie mapema tukufuatilie. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, sitisha isoniazidi na uje siku hiyo hiyo. Mwenye homa ya ini aina ya B ana sababu nyingine ya kutokatisha TLD, maana tenofovir na lamivudini ndizo zinazokituliza kirusi hicho pia. Akiziacha ghafla ini linaweza kuwaka.

Na wewe unayeamka mikono ikitetemeka mpaka upate kikombe cha kwanza, usiache pombe kwa siku moja ukiwa peke yako nyumbani. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili. Njoo kituoni, kuna dawa za kukuvusha kipindi hicho, na TLD yako unaendelea nayo.