Jino likikuuma ughaibuni, usingoje likizo

Wanaoishi nje ya nchi zao hufika kwetu, madaktari wa meno, wamechelewa. Sababu wanazotoa zinafanana: bei, bima wasiyoielewa, lugha, na ile inayotuchosha kuliko zote, "nitatibiwa nikienda nyumbani likizo." Haya ndiyo maswali wanayotuuliza, mara nyingi shavu likiwa limeshavimba.

Jino linaoza vipi?

Bakteria walio kwenye ukoga hutumia sukari unayokula na kutoa asidi. Asidi hiyo hutoboa tabaka gumu la nje, huingia tabaka la pili, na mwisho hufika kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Shimo dogo halina maumivu. Jino likishtuka kwa maji baridi na kutulia baada ya sekunde chache, kwa kawaida bado linazibika. Likikuamsha usiku bila kuguswa, au uchungu ukikaa muda mrefu baada ya kinywaji cha moto, kuziba peke yake huwa hakutoshi tena.

Liliniuma wiki nzima, kisha likaacha lenyewe. Si limepona?

Hapana. Jino likishatoboka halijizibi. Lile lililokuwa likikutoa machozi kisha likanyamaza, mara nyingi limekufa: mshipa wa fahamu uliokuwa unaleta maumivu umeoza. Mlinzi amenyamaza kwa sababu ameuawa, si kwa sababu mwizi ameondoka. Bakteria wamebaki mle ndani, wanateremka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya, na jipu linajijenga bila wewe kuhisi lolote kwa wiki au miezi.

Tunalirudia hili kila siku na bado watu hutuambia, "Lakini daktari, halikuwa linauma tena." Ndiyo, tunajua. Hicho ndicho kipindi ulichopaswa kuja.

Nina tiketi ya kwenda nyumbani baada ya miezi mitatu, na huko ni nafuu. Siwezi kuvumilia?

Inategemea unavumilia nini. Kusafishwa ukoga uliogandamana, kuweka jino la bandia penye pengo la zamani, kunyoosha meno: hayo yanaweza kungoja. Jino linalouma haliwezi kungoja. Fizi yenye uvimbe au usaha haiwezi kungoja.

Na hiyo hesabu ya unafuu mara nyingi si sahihi. Leo ni shimo la kuziba kwa kikao kimoja. Ukichelewa linakuwa jino la kutibiwa mzizi, vikao viwili au vitatu, na likiwa gego huongezeka gharama ya kulivisha kofia, yaani kifuniko kigumu, lisipasuke. Ukichelewa zaidi linang'olewa, kisha unaanza kutafuta pesa za kuziba pengo. Ukichelewa kupita hapo ni kitanda cha hospitali. Aliyekwepa bili ya kwanza hulipa ya nne.

Nina antibiotiki nilizobeba kutoka nyumbani. Hazitaua hao bakteria?

Hapana. Kiini cha jino kikishakufa hakina damu inayopita, na dawa hufika mahali kwa kupitia damu. Antibiotiki inaweza kupunguza uvimbe kwa siku kadhaa, lakini chanzo kiko palepale ndani ya jino, na uvimbe utarudi. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba kwa watu wazima wenye kinga nzuri ya mwili, maumivu mengi ya jino hayahitaji antibiotiki. Yanahitaji jino lenyewe litibiwe. Dawa hizi zina nafasi yake pale maambukizi yanapoanza kusambaa mwilini, na hata hapo ni pamoja na kutoa usaha au kung'oa.

Vidonge vinne vilivyobaki kwenye mkoba wa rafiki si matibabu. Vinawafundisha bakteria ukaidi, na mwenye mzio vinaweza kumuua.

Dalili gani zinanipeleka hospitali leo hii, bila kuuliza bei?

Uvimbe wa shavu unaopanda kuelekea jicho. Uvimbe chini ya taya au chini ya ulimi. Kushindwa kufungua mdomo vizuri, kumeza kwa shida, mate kudondoka, sauti kubadilika, kupumua kwa taabu. Homa pamoja na uvimbe wowote wa uso. Maambukizi ya magego ya chini yanaweza kushuka kwenye sakafu ya mdomo na kuinua ulimi hadi njia ya hewa ikaziba. Hali hiyo ilielezwa kitaalamu tangu 1836 na bado inaua. Usingoje asubuhi, usingoje mshahara. Piga namba ya dharura ya nchi uliyopo, au nenda idara ya dharura.

Ila kwa jino linalouma tu bila dalili hizo, idara ya dharura ya hospitali si mahali pake. Mara nyingi hawana kiti wala vifaa vya meno. Utasubiri saa nyingi, utapewa vidonge vya maumivu, na jino utarudi nalo.

Basi nani ananitibu kwa bei ninayoiweza?

Anza na vyuo vikuu vyenye shule ya udaktari wa meno. Karibu kila nchi yenye shule kama hiyo ina kliniki ambamo wanafunzi wa miaka ya mwisho hutibu wagonjwa chini ya macho ya madaktari waliobobea, kwa bei iliyo chini ya kliniki za kawaida. Watu huogopa neno "mwanafunzi". Ukweli ni kwamba kila hatua inakaguliwa kabla ya inayofuata, na kero yenyewe ni muda: kikao cha dakika arobaini kinaweza kula saa tatu. Piga simu uulize kama wana huduma ya dharura, kwa sababu orodha ya kawaida huwa ndefu.

Baada ya hapo tafuta huduma ya umma, na usikate tamaa kwa sababu mtu amekuambia wageni hawahudumiwi. Kila nchi ina utaratibu wake. Marekani vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu hutoza kulingana na kipato na idadi ya watu nyumbani, na vingi vina kitengo cha meno. Uingereza mjamzito anayehudumiwa na NHS, huduma ya afya ya umma, hatozwi matibabu ya meno, na msamaha huo unaendelea hadi miezi 12 baada ya kujifungua. Ujerumani bima ya umma hulipia matibabu ya msingi, na anayekaguliwa kila mwaka na kupata muhuri kwenye kijitabu kiitwacho Bonusheft huongezewa ruzuku siku akihitaji kofia au meno ya bandia. Watu wamekaa huko miaka sita bila kijitabu hicho. Kanada nayo bima ya umma ya mikoa kwa sehemu kubwa haigusi meno nje ya hospitali, kwa hiyo usidhani kadi ya matibabu inatosha.

Mwisho, kliniki binafsi. Uliza bei ya kulipa taslimu bila bima, uliza kama unaweza kulipa kwa awamu, na linganisha na kliniki zilizo nje ya katikati ya jiji. Kuuliza bei kabla ya kulala kitini si utovu wa adabu.

Kazini nina bima. Si inatosha?

Soma kwanza. Bima ya afya mara nyingi haihusishi meno. Yenye meno huwa na kipindi cha kungojea kabla ya matibabu makubwa, kikomo cha mwaka, na asilimia utakayojilipia. Bima ya safari, ikigusa meno, kwa kawaida hulipia kutuliza maumivu ya ghafla tu. Uliza kwa maandishi kama kliniki inalipwa moja kwa moja au unatoa pesa zako kisha unawasilisha risiti. Fanya hivyo ukiwa mzima.

Nilikwenda na jino moja, nikapewa orodha ya matibabu kumi. Nimeibiwa?

Huenda, huenda la. Omba mpango wa matibabu na makadirio ya gharama kwa maandishi, kisha uliza maswali mawili: lipi ni la haraka, na lipi likisubiri miezi sita halitaharibika? Daktari mwaminifu atakujibu bila kukasirika. Omba pia nakala ya picha zako za eksirei, ili ukitafuta maoni ya pili usilipie picha nyingine. Na uliza kuhusu vifaa vya bei nafuu: saruji ya glasi ayonoma, inayozibia mashimo na wakati mwingine bila hata mashine ya kuchonga, iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Haipendezi kama zile za kisasa, lakini inafanya kazi.

Kuna mtu wa kwetu anang'oa meno nyumbani kwake kwa bei ya chini.

Usiende. Koleo lisilochemshwa kwa mvuke wa shinikizo linaweza kubeba homa ya ini B na C pamoja na VVU. Akivunja mzizi hana eksirei ya kuuona, na damu isipokata hana la kukufanyia.

Na kusafiri nchi ya tatu penye bei ndogo?

Kwa kazi kubwa iliyopangwa, inawezekana. Jino la kupandikiza kwenye mfupa huhitaji miezi kadhaa ya kushikana na taya kabla ya kuvishwa kofia, kwa hiyo anayekuahidi kila kitu ndani ya wiki moja mhoji sana. Mkimbie kabisa anayetaka kuchonga meno mazima ishirini ili akuvishe tabasamu jeupe. Jino lililochongwa halirudi.

Nimepata miadi ya wiki ijayo. Usiku nitapitaje?

Parasetamo ya miligramu 500: mtu mzima humeza vidonge viwili, na visizidi vinane ndani ya saa 24. Hesabu na iliyomo kwenye dawa za mafua. Ibuprofeni husaidia zaidi, na inaweza kutumika pamoja na parasetamo, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala mjamzito. Usibandike aspirini kwenye fizi. Inaunguza nyama, na jino halisikii chochote. Mafuta ya karafuu hutuliza kidogo.

Na maumivu yakiisha kabla ya siku ya miadi, nenda. Usiifute.

Nina mimba. Nisubiri nijifungue?

Hapana. Kuziba, kung'oa, sindano ya ganzi na eksirei ya jino vinaweza kufanyika salama. Maambukizi yaliyoachwa ndiyo hatari. Mwambie daktari una miezi mingapi.

Jipu limepasuka, usaha umetoka, nimepata nafuu. Sasa je?

Sasa una tundu la usaha na jino lilelile. Hujapona. Nafuu hiyo ni shinikizo limepungua, basi. Tundu likiziba, uvimbe unaanza upya, na safari hii hauchagui upande wa kutokea.

Sijui lugha ya huku vizuri. Nitaelezaje?

Andika kwenye karatasi, kwa msaada wa programu ya tafsiri au mtu unayemwamini: limeanza lini, linauma kwa baridi au kwa moto, linaamsha usiku au la, umemeza nini na kiasi gani, una mzio wa dawa gani, una kisukari, presha au ugonjwa wa moyo, unatumia dawa zipi. Majina ya dawa nakili kutoka kwenye pakiti, usiyatafsiri. Unapopiga simu, uliza kama wana mkalimani. Hospitali nyingi kubwa wanaye. Na usimtumie mtoto wako kutafsiri kama tutakuuliza kuhusu VVU au mimba, kwa sababu utatuficha, na sisi tutakupa dawa isiyokufaa.