Unahama na una mti wa matunda uani? Usiung'oe, ondoka na tawi lake

Swali hili tunaulizwa sana kitaluni kwenye taasisi yetu, mtu anakuja anasema nahama mwisho wa mwezi, nina mparachichi nimeulea miaka nane sasa, nifanyeje niondoke nao. Najua hilo swali linatoka moyoni maana mti wa matunda ni miaka ya mtu, kwa hiyo jibu langu huwa linamuuma kidogo: mti uliokwisha kushika ardhi uache ulipo, utauua tu. Lakini hiyo sio mwisho wa habari, unaweza kuondoka nao kwa njia nyingine na ukafika na mti ule ule kabisa, sio unaofanana nao, ila unatakiwa uanze mapema, ikiwezekana miezi mitatu minne kabla ya siku ya lori.

Naposema mti ule ule namaanisha hivyo hivyo. Kipandikizi cha tawi, au tawi ulilolioteshea mizizi, au kikonyo (kipande cha ncha ya tawi) ulichobebesha, yaani ulichokiunganisha, kwenye shina la mche mwingine, hivyo vyote ni mwili wa mti wako unaendelea kuishi kwenye mizizi mipya. Parachichi aina ya Hass unazoziona kila mahali duniani zote zinatokana na mti mmoja aliokuwa nao Rudolph Hass kule La Habra Heights, California, akauwekea hataza mwaka 1935, na ule mti wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi lakini matawi yake yapo kwenye mashina ya watu mpaka leo. Wewe pia unaweza kufanya hivyo na mti wako wa uani.

Kokwa ndiyo njia wengi wanayoikimbilia na ndiyo inayowaangusha. Mbegu ya parachichi haikupi parachichi lile lile, inakupa mti mpya wenye tabia zake, na unaweza kusubiri miaka mitano hadi zaidi ya kumi kuonja tunda ambalo hujui litakuwaje. Jamii ya machungwa ina nafuu kidogo, mbegu nyingi za ndimu, limau na chungwa zinatoa miche zaidi ya mmoja na baadhi yake ni nakala ya mama, ila bado utasubiri miaka na mche utakuwa na miiba mirefu.

Sasa kwa nini usiung'oe? Kwa sababu mizizi inayokunywa maji sio ile minene unayoiona ukichimba, ni ile myembamba kama uzi iliyotawanyika mbali kuliko kivuli cha matawi, na ukichimba unaiacha karibu yote nyuma. Mparachichi ndio mbaya zaidi maana mizizi yake ya kunywea iko juu juu, mingi kwenye sentimita 15 za kwanza, karibu haina vinyweleo kama mimea mingine, ukiigusa tu inakatika. Alafu kuna uzito. Donge la udongo lenye upana wa mita moja na kina nusu mita linakaribia nusu tani, watu wanne hawalinyanyui, na likipasuka njiani ndio basi.

Mti mdogo ni habari nyingine, shina likiwa halijazidi unene wa kifundo cha mkono na ni mchungwa, mlimau, mpera, mtini au mkomamanga unaweza kujaribu. Mpapai na mwembe sikushauri. Miezi mitatu kabla chimba mtaro wa nusu duara kuzunguka mti, ukate mizizi kwa makali safi, rudishia udongo wenye mboji na umwagilie, wiki sita baadaye malizia nusu ya pili, hapo mti unapata muda wa kutoa mizizi mipya ndani ya donge kabla hujaunyanyua. Upana wa donge uwe kama mara kumi ya unene wa shina. Na uliza kwanza kama mti ni wako, kwenye sheria za nchi nyingi mti uliopandwa ardhini ni sehemu ya ardhi, kwa hiyo mpangaji aongee na mwenye nyumba, na anayeuza nyumba aandike kwenye mkataba.

Njia ninayoipenda mimi kuliko zote ni kuotesha mizizi tawi likiwa bado juu ya mti, mama analilisha huku lenyewe linajifunza kujitegemea. Chagua tawi lenye afya, unene wa penseli mpaka kidole gumba, msimu mti unapochipua. Menya ganda kuzunguka tawi lote upana wa sentimita mbili hadi tatu, alafu kwangua ule utelezi wa kijani unaobaki kwenye mti, hapa ndipo watu wanapokosea kwa sababu wakiuacha ganda linaungana tena na mizizi haiji. Kama unayo homoni ya mizizi paka ukingo wa juu wa kidonda, funika na konzi mbili za maganda ya nazi yaliyolowa na kukamuliwa, zungushia plastiki, funga juu na chini kama pipi, juu yake weka foili kuzuia mwanga na joto. Mlichi, mpera na mlimau zinaitika vizuri, ndani ya miezi miwili mitatu unaona mizizi kupitia plastiki. Ila usikate ukiona mizizi miwili mitatu myeupe, mimi nilishafanya hivyo na mlichi kwa haraka ya safari nikaupoteza, subiri ijae na ianze kuwa ya kahawia, ndipo ukate chini ya donge, punguza majani nusu, panda kwenye kiriba na uweke kivulini wiki kadhaa. Mparachichi kwa njia hii unasumbua sana, unaweza kukaa miezi usione kitu, huo unataka kubebesha.

Mtini, mkomamanga na mforosadi hazihitaji hayo yote. Kata vijiti vilivyokomaa vya unene wa penseli, sentimita 20 hivi, mti ukiwa umepumzika, chomeka theluthi mbili udongoni, weka unyevu basi.

Na kama umebakiza wiki moja tu? Beba vikonyo. Kata ncha za matawi yaliyokomaa zenye macho ya kuchipua yaliyoanza kuvimba, ondoa majani ubakize vijikono vyake, funga kwenye karatasi yenye unyevu kidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, weka sehemu yenye ubaridi isiyogandisha, alafu ukifika vibebeshwe haraka kwenye miche iliyo tayari, vya mparachichi na mwembe havisubiri kama vya machungwa.

Hapa naomba usome taratibu. Tawi unaloliona lina afya linaweza kuwa na ugonjwa ndani. Ugonjwa wa machungwa unaogeuza majani manjano yenye mabaka yasiyolingana pande mbili na matunda kubaki madogo, ya kijani na yaliyopinda, unasababishwa na bakteria, unasambazwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani na pia na vikonyo tunavyobeba wenyewe, na dawa ya kuuponya haipo. Ndio maana nchi nyingi zinakataza kuhamisha miche ya machungwa kutoka eneo moja kwenda lingine. Kabla hujakata chochote uliza ofisi ya afya ya mimea ya unakotoka na ya unakokwenda, wakikwambia hapana ununue mche uliothibitishwa huko huko. Udongo nao unabeba vimelea vya kuozesha mizizi ya parachichi.

Siku ya safari mwagilia jana yake, sio asubuhi hiyo, fungia majani kwenye shuka maana upepo wa gari la wazi unayakausha kabisa, na usiache miche kwenye gari lililofungwa juani hata nusu saa.

Ukifika usipande siku hiyo hiyo, iache ipumzike kivulini siku chache. Shimo liwe pana kuliko kina, mche ukae usawa ule ule uliokuwa nao kwenye kiriba, kovu la kubebesha libaki juu ya udongo. Hakuna mbolea ya chumvichumvi mpaka uone majani mapya. Matandazo weka ila yasiguse shina, shina la mchungwa lililo wazi juani lipake rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa nusu kwa nusu lisiungue. Mche ukitoa maua mwaka wa kwanza yatoe yote, nguvu iende kwenye mizizi, na kabla ya kumwagilia ingiza kidole udongoni, ukikuta unyevu subiri kesho.