Kuzimu ni wapi?

Anayesali rozari huanza na Kanuni ya Imani, na ndani yake kuna maneno yanayopita haraka mdomoni: Yesu akafa, akazikwa, "akashukia kuzimu". Ukiuliza kuzimu ni wapi, wengi watakujibu: motoni, kwa shetani. Waebrania hawakulielewa hivyo, na hata Kiswahili chenyewe hakisemi hivyo. Shina ni -zimu, lile lile la mzimu na mizimu. Kuzimu ni kwao wafu, wema kwa wabaya.

Wafasiri wa Biblia walipolikuta neno la Kiebrania sheoli, linalotokea mara 65 hivi katika Agano la Kale, walilitafsiri kuzimu, na naona walilenga shabaha. Sheoli ni chini ya ardhi, gizani, kimya. Yakobo akidhani Yusufu ameraruliwa na mnyama, anasema atamshukia mwanawe kuzimu huku akilia (Mwanzo 37:35). Hana maana kwamba kijana yuko motoni. Kitabu cha Mhubiri kinasema huko hakuna kazi wala maarifa. Mwenye Zaburi ya 6 anamwomba Mungu amponye kwa hoja ya mtu anayejua kubembeleza: nikifa, nani atakushukuru kuzimu? Hata nabii Samweli yumo humo. Mwanamke wa Endori, mwita mizimu, anapompandisha kwa ombi la mfalme Sauli, Samweli analalamika kama mzee aliyekatizwa usingizi, kisha anamwambia Sauli kwamba kesho yeye na wanawe watakuwa pamoja naye.

Jehanamu ni habari nyingine. Neno limetufikia kwa njia ya Kiarabu, lakini chimbuko lake ni Ge-Hinomu, Bonde la Hinomu, nje kidogo ya Yerusalemu ya kale. Huko watoto walipitishwa motoni kwa ajili ya mungu Moleki, mpaka mfalme Yosia alipopanajisi mahali hapo katika karne ya 7 KK. Bonde lenye kumbukumbu ya namna hiyo likaja kuwa jina la mahali pa adhabu. (Ile hadithi ya kwamba lilikuwa jalala la mji lililowaka moto usiku na mchana inapendwa sana mimbarini, ila ushahidi wake umeandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu.)

Sasa, kama wote wanashuka mahali pamoja, mwenye haki anapata nini? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la hapa hapa duniani: maisha marefu, watoto, shamba lenye mavuno. Jibu hilo lilivunjika mwaka 167 KK, mfalme Antioko wa Nne, aliyewatawala Wayahudi kutoka Shamu, alipopiga marufuku sheria ya Musa. Waliouawa sasa ni wale wale walioishika sheria. Ni katika dhiki hiyo, kwa maoni ya wataalamu wengi, kitabu cha Danieli kilipata umbo lake la mwisho, na humo ndimo tunasoma waziwazi kwamba wengi walalao mavumbini wataamka, wengine kwa uzima wa milele, wengine kwa aibu (12:2). Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinasimulia mama mmoja na wanawe saba walioteswa hadi kufa. Mmoja ananyoosha mikono ikatwe, akisema aliipata kutoka mbinguni na anatumaini kurudishiwa. Mikono, si roho tu. Waprotestanti wengi hawana kitabu hicho katika Biblia zao, na ni hasara, maana bila hicho ufufuo unaonekana kama umedondoka ghafla katika Injili.

Si Wayahudi wote waliokubali. Kundi la Masadukayo, waliokuwa karibu na ukuhani mkuu, walikataa ufufuo, kundi la Mafarisayo walishikilia. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70 BK Masadukayo walififia, na hadi leo Myahudi anayesali Amida, sala yake ya kila siku, humtukuza Mungu anayewapa wafu uhai.

Na Masihi? Neno maana yake ni aliyepakwa mafuta: mfalme, kuhani, hata Koreshi wa Uajemi katika Isaya 45:1. Wengi walimngoja mzao wa Daudi atakayewakomboa Israeli. Waliotarajia ufufuo waliutarajia mwisho wa nyakati, watu wengi kwa pamoja. Masihi kufa msalabani mwa Warumi, kisha kufufuka peke yake huku dunia ikiendelea na shughuli zake, hilo halikuwa katika hesabu. Ndiyo maana Petro, siku ya Pentekoste, anakimbilia Zaburi ya 16, "hutakuachia kuzimu nafsi yangu", na Paulo anaokoa hoja kwa neno la mkulima: Kristo ni limbuko. Limbuko ni yale mazao ya kwanza yaliyopelekwa hekaluni. Ukiyaona, ujue shamba zima limeiva.

Kwa hiyo "akashukia kuzimu" maana yake ya kwanza ni kwamba alikufa kweli, akaenda waliko Yakobo na Samweli. Wakristo wa Mashariki, yaani Waorthodoksi, huchora tukio hilo zaidi kuliko sisi tunavyolisema. Katika kanisa la zamani la Chora, Istanbul, ukutani kuna mchoro wa karne ya 14: Kristo amekanyaga milango iliyovunjika, makufuli na funguo vimetapakaa chini gizani, naye amemshika Adamu mkono mmoja na Hawa mwingine, anawavuta kutoka makaburini.